Salamu Iliyokatwa

Wema Yohani wa Rusimbi nilimfahamu kwa sababu ya mgongo. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, Kigoma mjini, karibu na soko. Nimeinamia cherehani miaka ishirini na sita, na siku moja niliinama kuokota mkasi nikashindwa kuinuka. Wateja walicheka, na wala sisahau majina yao. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, dada mwembamba aliyeleta sketi ya kupunguza, begi la kamera begani. Akaniambia, "Kaka Gasper, usijivute. Pumua kwanza." Nikamjibu kwamba napumua tangu nizaliwe na bado naumwa. Ndipo akasema anafundisha yoga uani kwake, Jumanne na Ijumaa asubuhi, na kwamba nikienda nisiwe nimeshiba.

Niseme ukweli, sikuwa na imani hata kidogo. Hamdani, muuza vitenge wa fremu ya jirani, alinitania wiki nzima kwamba nitarudi nimejikunja miguu shingoni na nitashindwa kufungua duka. Nilikwenda kwa sababu ya maumivu. Nilikuta wanawake kumi na wawili juu ya mikeka, na mimi nikapewa nafasi yangu pembeni, nyuma ya simtanki la maji, ili nisiwaone na wasinione. Mpaka leo ndipo ninapokaa, na simtanki lile nalijua kuliko fundi aliyelifunga.

Huyu Wema ni mtoto wa Rusimbi hasa. Baba yake, Muha wa Kasulu, alikuwa seremala, na mama yake aliuza mawese. Alipomaliza kidato cha nne alianza kubeba taa za mpiga video za harusi, baadaye akanunua kamera yake, na kwa miaka kumi na miwili hapakuwa na ndoa, kipaimara wala arobaini mjini hapa ambako hukumkuta amesimama juu ya kiti. Harusi za Kigoma haziishi saa iliyoandikwa kwenye kadi. Alipofika miaka thelathini na moja mgongo wake ukakataa kazi, akapelekwa Dar es Salaam kwenye matibabu. Mama aliyemfanyisha mazoezi huko alimfundisha kunyoosha viungo na kupumua, naye akanogewa, akabaki miezi saba akisomea kabisa. Alirudi na cheti. Mama yake alimuuliza cheti hicho kinaajiriwa wapi.

Alipofungua darasa, wenye magari hawakuja. Waliokuja ni wanawake wa Kirundi wa kule Gungu, watu waliobeba ndoo, kuni na viroba vya mihogo kichwani tangu utotoni, na ambao hakuna aliyewahi kuwauliza shingo zao zinaendeleaje. Wa kwanza alikuwa Spesiosa Ntakarutimana, ambaye sisi wote tunamwita Mama Feliksi. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na miaka kumi na minne, akakulia kwenye makazi ya Mishamo, akapata uraia, na sasa anaishi kwa mwanawe Feliksi, fundi wa pikipiki. Ana miaka sitini na sita na hacheki na mtu asiyemfahamu.

Suruali ndiyo iliyotukutanisha mimi na yeye. Wema alisema mazoezi hayafai kwa sketi. Mama Feliksi akasema mwanamke mzima havai suruali mbele ya watu, akaanza kukunja mkeka wake. Nikajitosa. Nilimshonea suruali ya kitenge, pana, iliyojaa marinda, ambayo akisimama huwezi kuitofautisha na sketi mpaka ainue mguu. Aliitazama ndani na nje kama anayetafuta kosa, kisha akanishukuru kwa Kirundi, "Urakoze, fundi." Tangu hapo nimeshona thelathini na nne, na ninaposikia watu wakisema mafundi wa Mwanga hawana ubunifu, damu inanichemka.

Wema naye alijifunza kwao. Zoezi la mwisho ni kulala chali, umetulia, ukajifunika shuka. Siku ya kwanza alipowaambia wajifunike, wote kumi na wawili waliketi kwa pamoja. Mama Feliksi akamweleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba kwao watu kupangwa sakafuni na kufunikwa ni jambo walilokwisha kuliona mwaka ule wa mauaji, na halikuwa mazoezi. Wema aliomba radhi, na tangu siku ile darasa lake humalizika watu wameketi, macho wazi, wakitazama anga. Nadhani ndiyo siku Mama Feliksi alipompenda.

Ndiyo siku pia Wema alipoanza kufikiria filamu. Si video ya harusi, bali filamu yake mwenyewe, ya maisha ya watu, ya kwanza. Alikuwa na sheria moja kuhusu kazi hiyo, na sheria yenyewe ilitokana na aibu. Zamani alimpiga picha bibi harusi akimlilia mama yake aliyefariki, kipande kile kikasambaa kwenye simu za mji mzima, na yule bibi harusi akaja hadi Rusimbi kumuuliza kwa ruhusa ya nani. Kwa hiyo akaweka sheria: hakuna picha itakayotoka kwake kabla mwenye sura hajaketi akaitazama yote, na atakachosema kitoke, kitatoka bila kuulizwa sababu. Wapiga video wenzake walisema atakufa njaa.

Miaka miwili alimfuata Mama Feliksi. Alimpiga picha akikamua mawese, akibishana bei sokoni, akisimama kwa mguu mmoja kwenye mkeka. Siku moja mgeni akaja. Alikuwa Gloriose, aliyekua na Mama Feliksi kilima kimoja huko Burundi, wakaolewa wote Mishamo, kisha mwaka elfu mbili na nane Gloriose akarudi kwao Rumonge. Miaka kumi na minne hawajaonana. Nilikuwepo uani kwa Feliksi nimepeleka suruali, Wema na kamera yake pembeni, na nilichokiona siku ile sijawahi kukiona kwenye harusi yoyote.

Walishikana mikono juu ya viwiko, wakasogeza vichwa, na Mama Feliksi akaanza. Warundi wanaiita akazehe. Ni salamu ya wanawake, nusu maneno na nusu wimbo. Mmoja anatangulia, mwenzake anaingiza sauti yake chini ya ile ya kwanza, hawasubiriani na hawagongani. Wanaulizana kila kitu: mmeamkaje, watoto, wajukuu, mvua, shamba, waliokufa walizikwa vizuri, magoti yanainuka. Kila swali lina "ego" yake ya kujibu, yaani ndiyo. Dakika kumi na moja nzima, nilitazama saa. Wakamalizia kwa kucheka, wakafutana machozi kwa khanga moja, na ndipo Mama Feliksi akasema, "Kaa."

Sasa sikiliza kosa la mpiga video za harusi. Mtu wa kazi ile, anapokaa kwenye kompyuta kukata, kitu cha kwanza kutupa ni salamu. Salamu za wageni, salamu za mjomba aliyetoka Uvinza, salamu za kamati, zote nje, maana bila hivyo video ingechukua saa tisa nzima. Mkono wa Wema ulizoea kukata hivyo kama mkono wangu unavyokata uzi. Alipofika kwa Gloriose alikata bila kufikiri, na kipande akakifuta. Kadi ya kamera nayo ikafutwa, ikapigiwa ndoa ya watu wa Gungu, salamu ikapotea kabisa.

Mwalimu Agnesi, aliyekuwa akiandaa maonyesho ya filamu kwenye ukumbi mmoja wa Mwanga, alimpa Wema nafasi ya Jumamosi mwezi wa sita. Wageni kutoka Dar es Salaam wangekuwepo, na filamu itakayowagusa wangeipeleka miji mingine. Wema alinenepa kwa furaha wiki ile. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mwenye sura aketi atazame.

Tuliketi sebuleni kwa Wema, pazia limeshushwa, mimi nimeitwa kuwa shahidi. Nilimwona Wema akifuta mikono kwenye gauni. Aliogopa sehemu moja. Mle ndani Mama Feliksi alisimulia jinsi walivyovuka ziwa, na mdogo wake wa kiume alivyofia ufukweni walipofika, na akalia mbele ya kamera. Wema alihangaika na machozi yale mwezi mzima. Mwisho akayaondoa mwenyewe, kimya kimya, ili mama asije akaumia kuyaona. Alijiona amefanya wema, na hata mimi nilimsifu.

Filamu ikaisha. Mama Feliksi akakinyooshea kidole kioo kilichozimika.

"Huyu mwanamke hana adabu," akasema.

"Nani, mama?" Wema akauliza.

"Huyu uliyemweka humo. Anamwona Gloriose baada ya miaka kumi na minne, na neno la kwanza anamwambia 'Kaa'. Kaa! Kama mtu aliyekuja kudai. Wakiona Rumonge watasema Spesiosa alikwenda Tanzania akasahau hata kusalimia."

"Ile salamu ilikuwa ndefu kidogo, mama..."

"Oya, hapana. Ilikuwa fupi. Gloriose alichoka na safari."

Mama Feliksi hakuwa amemaliza.

"Na pale nilipolia nimekwenda wapi?"

"Niliondoa. Niliona utaumia ukijiona."

"Mwana wanje, mwanangu, nililia kwa macho yangu mwenyewe. Nililia kwa ajili ya mdogo wangu, na nilitaka watu wajue alikuwepo. Sheria yako inasema mimi ndiye nitakayesema toa. Nilisema toa?"

"Hukusema."

"Basi hiyo isionyeshwe."

Akainuka, akavaa kandambili, akaenda zake Gungu kwa miguu.

Mimi nilikasirika kuliko wote wawili, maana hasira kwangu haihitaji mwaliko. Nilimwambia Wema machozi ayarudishe, yapo kwenye kompyuta, na salamu waigize upya, Gloriose atumiwe ujumbe aje, washikane mikono, kwisha. Nilimfuata Mama Feliksi mpaka nyumbani kumpa ushauri huo. Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena.

"Fundi, Gloriose tumekwisha kusalimiana. Nimsalimie tena kwa nini, alikwenda wapi?"

"Mfanye kama kwamba."

"Wewe unaweza kulia kwenye msiba kama kwamba?"

Nikarudi dukani. Wema hakumbembeleza mtu, na hilo ndilo lililoniuma. Miaka miwili ya kazi, na watu wa Dar wanakuja, ungetegemea apige magoti kidogo. Alimpigia Mwalimu Agnesi simu, akamwambia filamu haipo. Agnesi akasema nafasi yake ataiacha wazi mpaka siku tatu za mwisho. Wema alilia usiku mzima, mama yake aliniambia, halafu asubuhi akapakia mikeka kumi kwenye basi akaenda Kasulu, ambako alikuwa ameombwa kufundisha wanawake wa kambi ya wakimbizi kwa wiki tano. Kamera aliichukua, lakini alisema hataitoa kwenye begi.

Darasa la Rusimbi halikusimama. Mama Feliksi alilichukua, hakuna aliyemteua. Alikuwa mkali kuliko mwenyewe. Alinifuata mpaka nyuma ya simtanki kunirekebisha nyonga, na siku moja alinipiga kibao cha mgongo akisema nimejikunja kama mtu anayeficha kitu. Jina la Wema hakulitaja. Ila kila Ijumaa, tukimaliza, alimuuliza mama yake Wema kama kuna simu kutoka Kasulu, na kila Ijumaa aliambiwa mtandao wa kule ni wa kubahatisha.

Jumanne ya wiki ya sita, siku nne kabla ya maonyesho, tulikuwa tumesimama kwa mguu mmoja, wote, geti likafunguka. Wema akaingia, mweusi kwa jua, vumbi jekundu mpaka magotini, mikeka mgongoni na begi la kamera begani. Alisimama pale pale getini kwa woga. Nilimhurumia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Feliksi hakuitikia marahaba. Alishusha mguu wake taratibu, kama alivyofundishwa, akavuka ua lote bila viatu, akamshika Wema mikono juu ya viwiko. Mikeka ikaanguka. Akasogeza kichwa, akaanza.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuelewa, na najivunia hilo. Wema alikwisha kunifundisha kubonyeza kile kitufe chekundu, maana huwa namshikia kamera akitaka kujiona anavyosimama. Niliruka kutoka nyuma ya simtanki, nikafungua begi na kubonyeza. Dakika ya kwanza yote ni picha ya ardhi na magoti yangu, kwa haraka niliielekeza chini. Halafu nikawapata.

Mama Feliksi aliuliza na Wema akajibu. Bibi yake Wema, mama wa baba, alikuwa Muha wa kale, na wazee wa Kiha na Warundi ni watu wa lugha zinazosikilizana, kwa hiyo mtoto yule aliijua sauti ile toka mgongoni kwa bibi, ingawa sidhani kama alijua anaijua. Alikuwa akiingia palepale panapotakiwa. Umeamkaje huko? Ego. Wanawake wa kule wanalala? Ego. Wana watoto, watoto wana shule, mvua imewapiga, turubai linavuja, shingo zao umezinyoosha, wanacheka? Wanacheka, ego, wanacheka sana. Na wewe mgongo wako? Na wewe uliyeondoka bila kuniaga, ulikula nini?

Dakika ya nne Wema akaishiwa pumzi. Mwalimu wetu wa kupumua! Alikwama katikati, akabaki anahema, na Mama Feliksi wa miaka sitini na sita akaendelea kwa sauti zote mbili, ya kwake na ya mwenzake, akimsubiri arudi, huku akicheka ndani ya salamu yenyewe bila kuivunja. Wanawake wote walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Wema alirudi akilia. Nililia na mimi, kamera ikatikisika, mtanisamehe.

Walipomaliza, Mama Feliksi akanigeukia. "Umeipata?"

"Nimeipata, mama."

"Hiyo iwekwe mwanzo. Watu wajue mimi naingia kwa adabu. Wakishaona hivyo, ya Gloriose wataielewa hata kama haipo. Na machozi yangu yarudishwe yote."

Wema alikuwa bado anahema. "Mama, lakini mimi nimo humo. Mpiga picha hakai ndani ya picha."

"Miaka miwili umekula ugali wangu. Ulikuwa wapi, dirishani?"

Wema akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile ile alimpigia Gloriose kule Rumonge kumweleza salamu yake ilivyopotea na kumwomba radhi. Gloriose alicheka kwenye simu tukasikia wote, akasema na aonyeshwe, ila naye akija Kigoma mwakani atasalimiwa upya, na safari hii kadi isifutwe. Wema alimpigia Mwalimu Agnesi kuichukua nafasi yake, akakata filamu siku nne bila kulala vizuri. Magoti yangu aliniuliza kama yabaki. Nilisema yatoke, yakatoka, hakuuliza sababu.

Jumamosi ukumbi ulijaa saa tisa alasiri. Nilikuwa na wateja wangu wengi mle, na suruali thelathini na nne za kitenge zilikuwa zimekaa safu mbili za mbele, nikajihisi mkubwa. Taa zikazimwa. Mama Feliksi akatokea kwenye ukuta, mkubwa kuliko mlango, akamshika Wema mikono, akaanza kuuliza.

Mmeamkaje?

"Ego," akasema bibi mmoja kwenye safu ya tatu, kwa sauti ndogo, kama aliyeshtukizwa.

Watoto wapo?

"Ego," wakasema watatu. Halafu kumi. Halafu wanawake wa Kiha wa Mwanga, wauza dagaa na wauza nyanya ambao wengine nilidhani hawajui chochote zaidi ya bei, wakaingiza sauti zao chini. Ukumbi mzima wa wanawake ukawa unaitikia ukuta. Sauti ya filamu yenyewe haikusikika tena. Leodgar, kijana wa mitambo, alimgeukia Wema akamuuliza kwa ishara kama asimamishe. Wema alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa anang'aa usoni, na mimi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuipunguza hata nikijaribu.

Mama Feliksi hakuvumilia kukaa. Alisimama pale mbele, mgongo umenyooka, akaupa ukuta kisogo na kuwageukia watu, akawaitikia mwenyewe. Filamu iliendelea nyuma yake bila mtazamaji. Ilibidi irudishwe mwanzo mara mbili, na mara ya tatu tu ndipo tulipofika kwenye mawese, na baadaye kwenye machozi. Jina la mdogo wake, Yona, lilitajwa, na watu walilirudia.

Taa zilipowashwa, mama mmoja mgeni kutoka Dar es Salaam, wa wale wanaochagua filamu, alimfuata Wema. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alisema filamu imemgusa sana na angependa kuipeleka mbali. Aliuliza tu kama ule mwanzo, ile salamu, haungeweza kupunguzwa kidogo.

"Mwenyewe yule pale," Wema akamjibu. "Kamuulize."

Yule mgeni alikwenda mpaka mbele, mkoba kwapani, na kumwinamia kwa heshima. Sikusikia alichosema. Nilimwona Mama Feliksi akiweka kikombe chake cha chai chini, akasimama, akamshika mgeni mikono yote miwili juu ya viwiko, akasogeza kichwa, akaanza.